Usichore jedwali kwa kufuata fomu

Mtu anapoanza kutengeneza fomu ya mtandaoni, mara nyingi huunda ndani ya kanzidata, yaani programu inayotunza taarifa kwa mpangilio, jedwali moja lenye safu nyingi sawasawa na visanduku vya fomu. Siku za mwanzo kazi inakwenda vizuri. Shida huanza pale ofisi inapotaka majibu kutoka kwenye taarifa ilizokusanya.

Tuchukue fomu ya maombi ya kozi fupi katika chuo cha ufundi. Mwombaji anajaza jina, simu na tarehe ya kuzaliwa, kisha anachagua kozi: ushonaji, umeme wa majumbani, uchomeleaji. Kwa kuwa anaruhusiwa kuchagua zaidi ya moja, mtengenezaji anaweka safu za kozi1, kozi2 na kozi3. Mkuu wa chuo akiuliza ni wangapi wameomba uchomeleaji, itabidi kupekua safu zote tatu. Na siku chuo kikiruhusu kozi ya nne, jedwali litafumuliwa na programu iandikwe upya.

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi ujiulize: fomu hii inahusu vitu gani? Hapa viko vitatu, yaani mwombaji, kozi na ombi. Kila kimoja kipate jedwali lake. Jedwali la maombi halibebi majina. Kila mstari una namba ya mwombaji, namba ya kozi na muda ombi lilipotumwa. Mwombaji namba 41 akichagua kozi namba 3 na namba 7, inaingia mistari miwili tu, na jina lake linabaki limeandikwa mahali pamoja. Akibadili simu, unasahihisha mara moja. Msingi huu aliuweka Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM huko Marekani, katika makala yake ya mwaka 1970, na ndio unaotumika hadi leo katika programu za kanzidata kama MySQL na PostgreSQL.

Hiyo namba 41 ndiyo ufunguo msingi wa jedwali la waombaji, yaani alama inayomtofautisha kila mwombaji na wengine, na ni vema kanzidata iitoe yenyewe. Wengi hupenda kutumia namba ya simu badala yake. Nawasihi msifanye hivyo. Watu hubadili laini, laini iliyoachwa hupewa mtu mwingine, na ziko familia ambazo simu moja ni ya nyumba nzima.

Namba ya simu yenyewe ihifadhiwe kama maandishi. Ukiihifadhi kama namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo inapotea. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina hatari kubwa zaidi: ina tarakimu 20, wakati namba kamili kubwa kabisa inayoingia katika nafasi ya kawaida ya biti 64, ambayo kanzidata nyingi huitumia kwa namba kubwa, ni 9,223,372,036,854,775,807, yenye tarakimu 19. Haiingii. Hata karani akiifungua kwenye Excel kama namba, programu hiyo hutunza tarakimu 15 tu za mwanzo, zinazobaki zinageuka sifuri, na akihifadhi faili namba halisi ndiyo imekwenda. Kanuni ninayofundisha ni hii: kama hutaijumlisha wala kuizidisha, ni maandishi. Umri nao usihifadhiwe, maana hubadilika kila mwaka; hifadhi tarehe ya kuzaliwa, umri utakokotolewa.

Halafu kuna mtandao wa kusuasua. Mwombaji anabonyeza Tuma, haoni kitu, anabonyeza tena, na ombi linaingia mara mbili. Weka sharti kwamba jozi ya mwombaji na kozi isijirudie, na uliweke ndani ya kanzidata yenyewe. Kulinda kwenye ukurasa wa fomu peke yake hakutoshi, kwa sababu data huingia pia kupitia karani anayepakia faili kutoka tawi jingine. Vilevile namba ya kozi katika maombi ifungamanishwe na jedwali la kozi, ili kozi yenye waombaji isifutike kwa bahati mbaya.

Kila safu unayoongeza ni taarifa ya mtu unayobeba dhamana yake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Pitia safu moja moja ukiuliza nani ataisoma na kwa kazi gani. Kama hakuna anayehitaji dini ya mwombaji ili kumpangia darasa la ushonaji, futa safu hiyo, kisha rudi kwenye fomu ukiondoe na kisanduku chake.