"Run" si kukimbia tu

Juzi mfanyabiashara mmoja wa hapa Ngamiani aliniletea mwongozo wa jenereta, kurasa kumi na mbili. Ulikuwa umeshatafsiriwa na mtu mwingine, tena kwa malipo, lakini fundi wake alipofika ukurasa wa tatu alicheka mpaka akakaa chini. Pameandikwa: "Usikimbize injini bila mafuta."

Mfasiri yule simlaumu sana. Sote tulifundishwa darasani kwamba "run" ni kukimbia, basi. Kumbe katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set". Wahariri walipolipitia upya "run", likalipiku: kitenzi peke yake kilifikisha maana 645.

Miguu haikulimiliki neno hili tangu zamani. Maji nayo yalikuwemo: ndugu yake wa Kijerumani, "rinnen", hadi leo ni kutiririka. Kisha zikaja mashine za mvuke, treni, umeme, kompyuta, na kila kilichokuwa kikifanya kazi bila kusita Mwingereza akakiambia "run". Kwetu hata saa ya ukutani hutembea tu, haina haraka.

Kwa hiyo mimi nikikutana nalo siulizi maana yake. Nauliza: hapa ni kitu gani kinachokwenda? Barabara "iki-run" kutoka Tanga hadi Segera, Mswahili atasema inapita Muheza. Pua "iki-run", kwetu pua imetulia, kinachotoka ni kamasi. Sukari "iki-run out", sisi ndio tulioishiwa. Kanga ikifuliwa na rangi "ziki-run", mama yeyote wa Tanga atakwambia inachuja, na muuza duka atajuta siku hiyo. Chombo "kiki-run aground", manahodha wetu husema kimepanda mwamba. Na mwenye duka haendi mbio, analiendesha.

Linalonifurahisha zaidi ni la siasa. Mmarekani anayetaka ubunge "ana-run", anakimbia. Mwingereza, mwenye lugha yake, "ana-stand", amesimama. Sisi tunagombea, na neno letu ndilo lililosema kweli.

(Wanafunzi wangu hunirushia "piga": pasi, simu, mswaki, kura, magoti, chenga. Sawa, nalo lina mambo yake. Nitaliandikia siku nyingine.)

Nikarudi kwenye jenereta. Nikafuta ile sentensi, nikaandika kwa kujiamini: "Usiwashe injini bila mafuta." Fundi akaisoma, akanitazama.

"Mafuta gani, mwalimu? Bila dizeli itawakaje? Andika oili."

Nikaandika oili.