Pampu ya joto huchota wapi joto wakati nje maji yameganda?

Nje ya nyumba nyingi za Ulaya siku hizi utakuta sanduku kubwa lenye feni. Kwa sura halina tofauti kubwa na lile la kiyoyozi linaloning'inia kwenye kuta za Kariakoo au Mombasa, ila hili ni pampu ya joto, limewekwa kupasha nyumba joto. Joto lenyewe hulichota kwenye hewa ya nje, hata usiku ambao dimbwi la barabarani limegeuka kioo. Hapo ndipo watu wengi hukataa kuamini: utachotaje joto mahali ambapo halipo?

Lipo, tena tele. Tatizo ni kwamba tumezoea kuisoma sifuri ya kipimajoto kana kwamba ndipo joto linapoishia. Sifuri ya sentigredi ni alama ya pale maji yanapoganda, basi. Joto halikauki mpaka ushuke nyuzi 273.15 chini ya hapo, na hakuna kijiji duniani kinachokaribia huko. Ukianza kuhesabu kutoka kwenye sakafu hiyo ya kweli, hewa ya mchana wa Dar es Salaam, nyuzi 30, iko kwenye 303. Hewa ya Berlin usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri iko kwenye 263. Tofauti yao ni kama asilimia 13. Anayetetemeka Berlin hatakubali, lakini ngozi ni shahidi mbaya katika kesi hii: yenyewe ina nyuzi thelathini na kitu, kwa hiyo kila kilicho chini ya hapo huinyang'anya joto, nayo husema "baridi".

Linabaki swali gumu kidogo. Joto hutoka lenyewe kwenye kitu chenye moto kwenda kwenye chenye baridi, halirudi kinyume bila kulazimishwa. Ili kuinyang'anya hewa ya Berlin joto lake, unahitaji kitu chenye baridi kuizidi hewa hiyo.

Kitu hicho, kwenye pampu nyingi mpya, ni propani, mojawapo ya gesi mbili kuu zilizomo kwenye mtungi wa kupikia. Katika shinikizo la kawaida la hewa, propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Aliyewahi kupikia shughuli kwa jiko kubwa ameliona jambo hili bila kulipa jina: gesi ikitoka kwa kasi, mtungi hupoa na kutoa jasho kwa nje. Kimiminika kilichomo ndani kinageuka mvuke, na ili kigeuke lazima kipate joto, basi hulivuta kwenye chuma, nacho chuma hulivuta kwenye hewa inayokizunguka. Pampu ya joto hufanya hivyo hivyo ila haichomi kitu. Propani inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mwaka baada ya mwaka. Upande wa nje shinikizo ni dogo, hivyo kimiminika kina baridi kuliko hata hewa ya barafu, na hewa hiyo inakichemsha. Mvuke unaingia kwenye kompresa, unabanwa, na kwa kubanwa unapata moto unaozidi maji ya radieta, yaani vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto ili kupasha chumba. Unayaachia maji hayo joto, unarudi kuwa kimiminika, unapitishwa kwenye tundu jembamba ili shinikizo lishuke, na safari inaanza upya. Friji yako hufanya kazi hiyo hiyo muda huu. Ndiyo maana mgongo wake huwa na moto. Mashine inayoletwa kuiondoa gesi inayochomwa kupasha nyumba imebeba gesi tumboni, na inategemea ubaridi wake.

Wazo si geni. William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852. Jumba la halmashauri la Zürich lilianza kupashwa joto kwa pampu inayochota mto Limmat mwaka 1938.

Kinachoonekana kama kiini macho ni hesabu yake. Boila nzuri ya gesi, mtambo unaochoma gesi ili kupasha maji ya radieta, huipa nyumba kama asilimia 90 ya nishati ya gesi inayoichoma. Pampu ya joto inakula uniti moja ya umeme na kutoa tatu za joto. Asilimia 300! Wako wanaoliona hilo kuwa utapeli wa wauzaji. Lakini mtazame hamali wa sokoni. Anakula sahani ya wali, kisha anahamisha magunia kumi ya mchele kutoka kwenye lori hadi ghalani. Hakuna anayeuliza sahani moja iligeukaje kuwa magunia kumi. Mchele ulikuwepo, yeye kauhamisha. Umeme ndio sahani ya wali. (Mfano unapwaya mahali pamoja: hamali hageuki gunia, ilhali umeme wa kompresa nao huishia kuwa joto. Katika zile uniti tatu, moja ni yake na mbili ni za hewa.)

Sasa ongeza ngazi. Ghala likiwa chini, hamali atahamisha magunia mengi. Likiwa ghorofa ya saba, wali ule ule hautamfikisha mbali. Ngazi za pampu ni tofauti kati ya hewa ya nje na maji ya radieta. Nje kukiwa na nyuzi 0 na maji yakitakiwa yawe 35, yanayotosha kwa mabomba ya chini ya sakafu, fizikia inaruhusu joto hadi karibu mara 8.8 ya umeme ulioliwa. Maji yakitakiwa yawe 55, ukomo unashuka hadi kama 6. Mashine halisi hupata karibu nusu ya hayo, au pungufu. Ndiyo sababu fundi mzuri hushughulika na ukubwa wa radieta kabla ya kutaja aina ya pampu: radieta kubwa hupasha chumba kwa maji ya uvuguvugu.

Norway hutajwa sana kama ushahidi kwamba pampu huiweza baridi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya kaya zake zina pampu. Ushahidi huo ni wa kweli, ila tuupokee kwa kiasi. Nyingi za pampu hizo hupuliza hewa ya moto moja kwa moja chumbani, hazipashi maji ya radieta, na umeme wa kule hutoka zaidi kwenye maporomoko ya maji. Majaribio ya Uingereza kwenye mamia ya nyumba za kawaida yalipata karibu mara 2.8. Halafu kuna kichekesho cha unyevu: hewa yenye umande ya nyuzi 2 inaweza kuisumbua pampu kuliko hewa kavu ya nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa sababu umande unaganda kwenye mapezi yake, vile vibati vyembamba vinavyopokea joto la hewa, na inabidi isimame kuuyeyusha.

Na bili? Uingereza uniti ya umeme imekuwa ikiuzwa karibu mara nne ya uniti ya gesi. Gawanya nne kwa 2.8 na utaona pampu inaweza kushinda kwenye fizikia ikashindwa kwenye risiti. Kwa bei hizo inahitaji kufika mara 3.6 hivi ili ilingane na boila, au mwenye nyumba apate umeme wa bei maalumu.

Sheria zinasukuma upande wa pampu, kwa hatua zisizolingana. Ujerumani, tangu Januari 1, 2024, ilianza kudai mitambo mipya ya kupasha nyumba joto itumie angalau asilimia 65 ya nishati jadidifu, kwanza kwenye maeneo mapya ya ujenzi, huku ruzuku ikifika hadi asilimia 70 ya gharama. Sheria hiyo imegombaniwa na wanasiasa tangu ilipozaliwa. England na Wales hutoa ruzuku ya pauni 7,500, na mwaka 2025 England iliondoa sharti la kuomba kibali kwa pampu iliyo chini ya mita moja kutoka mpaka wa jirani. Mpangaji, bila shaka, hulipa bili ya mtambo aliouchagua mwingine.

Aliye na boila anaweza kuijaribu nyumba yake bila kununua kitu. Wiki ya baridi kali, shusha maji ya radieta hadi nyuzi 55 (ya radieta tu, maji ya kuoga yaliyohifadhiwa kwenye tangi yaachwe kwenye 60, kwa sababu ya bakteria). Nyumba ikibaki na joto la kutosha, radieta zilizopo huenda zikafaa kwa pampu. Isipobaki, umeshajua vyumba vinavyohitaji radieta kubwa zaidi. Kwa vyovyote vile boila za kisasa hula gesi kidogo zaidi kwenye 55 kuliko kwenye 75, kwa sababu mvuke wa moshi wake hupata nafasi ya kugeuka maji na kuacha joto lake ndani.