Je, wajua kwa nini kisamvu hutwangwa kabla ya kuchemshwa?

Wengi watakujibu: ili kilainike. Ni kweli, lakini kinu kina kazi nyingine ambayo sufuria haiiwezi.

Jani la muhogo, sawa na mzizi wake, lina linamarini, yaani glukosi iliyoshikana na kipande chenye sianidi. Linamarini hukaa kwenye kifuko ndani ya seli. Kwenye ukuta wa seli kuna kimeng'enya (kichochezi cha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho linamarasi. Havikutani mpaka mbuzi atafune, au mchi ushuke.

Mchi ukishuka, seli hupasuka na vitu hivyo viwili huchanganyika. Linamarasi ni haidrolesi: hukata kwa kutumia maji. Inakata pale glukosi iliposhikana na kile kipande, haidrojeni moja ya maji ikaenda kwenye kipande, na oksijeni na haidrojeni iliyobaki zikabaki na glukosi. Kipande hicho hakidumu. Huvunjika kuwa asetoni (ndiyo hiyohiyo ya kutolea rangi ya kucha) na haidrojeni sianidi. Hii ya mwisho ni sumu kali, ila huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo sufuria ikiwa wazi hupaa na mvuke.

Mwenye haraka akitumbukiza majani mazima kwenye maji yanayotokota, joto huiharibu linamarasi kabla haijagusa kitu. Linamarini yenyewe hustahimili. Inaliwa ikiwa nzima, na bakteria wa tumboni wana vimeng'enya vya kuifungua.

Kwa mihogo michungu hali ni hiyohiyo. Kuloweka siku kadhaa hadi ilainike hupasua seli. Kuanika makopa manene juani hakutoshi, kwani hukauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Ukame na njaa ndivyo huwafanya watu waharakishe, na hapo huja konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Tarime, Tanzania, uliikumba mwaka 1985. Kongo na Msumbiji wanaujua vizuri zaidi.

Howard Bradbury, mwanakemia wa Australia, alipendekeza njia rahisi: unga wa muhogo utiwe maji, utandazwe tabaka jembamba kwa saa 2 juani au 5 kivulini. Linamarasi iliyosalia kwenye unga humalizia kukata, gesi ikatoka. Kisha usongwe ugali siku hiyohiyo, maana unga uliolowa hauwekeki.