Kabla ya kuomba ufadhili, kishike kitabu

Vijana wanaoomba ufadhili wa kutafiti vitabu kama vitu hunitumia rasimu zao niwasomee, na kasoro ninayokutana nayo mara kwa mara ni moja: rasimu inaeleza kitabu kinasema nini, haielezi kimetengenezwaje. Ufadhili huu unataka ujue kusoma karatasi, wino, uzi wa mshono, ngozi ya jalada na uchafu wa vidole vya waliokifungua kabla yako.

Chukua utendi. Katika miswada mingi ya Lamu na Pate, ubeti mzima wa vipande vinne umeandikwa kwa hati ya Kiarabu kwenye mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto. Basi kina cha bahari, kile kinachofunga kila ubeti, kinashuka ukingo wa kushoto wa ukurasa kama shanga kwenye uzi. Msomaji anakiona kabla hajakisikia. Wachapishaji walipouhamishia utendi kwenye hati ya Kilatini waliukata ubeti mistari minne, na ile safu ikavunjika. Maneno ni yaleyale, lakini jicho halitembei tena njia ileile. Mimi hapo naona swali la utafiti wa miaka.

Halafu inua karatasi kwenye mwanga. Karatasi ya zamani ya Ulaya, iliyotengenezwa kwa mkono, ina mistari iliyoachwa na waya za chujio ilimotengenezwa na mara nyingi alama iliyojificha ndani yake. Ukiona hilali tatu zinazopungua ukubwa, karatasi hiyo ni ya aina iliyotengenezwa pande za Venice kwa ajili ya masoko ya Mashariki. Karatasi kubwa ikikunjwa mara moja, alama hukaa katikati ya jani. Ikikunjwa mara mbili, huangukia kwenye mkunjo, nusu huku nusu kule. Mahali alama hiyo ilipo panakusaidia kujua jinsi karatasi ilivyokunjwa.

Ujuzi huu unafundishwa. Rare Book School, shule ya Marekani inayofundisha kuchunguza vitabu vya kale, ilianzishwa 1983 katika Chuo Kikuu cha Columbia, ikahamia Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1992. Kozi zake nyingi ni za siku tano, vitabu vikiwa mezani, na imewahi kuwa na ufadhili wa wakfu wa Mellon kwa wasomi wachanga. Bibliographical Society of America, chama cha wachunguzi wa vitabu kama vitu kilichoundwa 1904, nacho hutoa fedha za utafiti wa muda mfupi. Masharti hubadilika, yasome upya kila unapoomba.

Utaulizwa: kwa nini usafiri, na picha zipo? Ni kweli, miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imepigwa picha kupitia mradi wa British Library, na ninashukuru sana kwa hilo. Lakini picha ya kawaida haionyeshi alama iliyo ndani ya karatasi, wala unene wake, wala mshono uliofumuliwa ukashonwa upya. Muhamadi Kijuma, mwandishi wa miswada wa Lamu, alimnakilia Mwingereza William Hichens, mkusanyaji wa tenzi, tendi nyingi, na nakala nyingi kati ya hizo leo ziko katika chuo cha SOAS, London. Je, karatasi aliichagua nani, Kijuma aliyeandika au Hichens aliyeagiza? Kwa swali kama hilo, taja kwenye ombi lako namba ya mswada, siku unazohitaji kukaa nao, na kitu gani hasa utakitafuta ukiuinua kwenye mwanga.