Tarzan hakuwahi kuruka Entebbe

Hii stori kwamba sinema za Tarzan, zile za mwigizaji Johnny Weissmuller, zilipigwa kwenye bustani ya mimea ya Entebbe, Uganda, imezunguka miaka mingi, ukifika pale kwenye kipande cha msitu unaonyeshwa hadi mimea ya kutambaa inayoning'inia eti ndo alikuwa anaidandia. Sio kweli jamani. Weissmuller aliigiza Tarzan toka 1932 mpaka 1948, na picha zilipigwa Marekani, California na Florida, ya mwisho Mexico.

Uhusiano na Uganda upo, ila mdogo: ile ya 1932 ilichomekewa vipande vya mandhari vya sinema nyingine, Trader Horn, ambayo watu wake kweli walifika maporomoko ya Murchison. Entebbe wapi na Murchison wapi!

Kinachonikera zaidi, mwanzilishi wa bustani hatajwi. Ilianzishwa 1898 na Alexander Whyte, Mskoti aliyekuwa ashafanya kazi Malawi, hadi ule mwerezi wa mlima Mulanje una jina lake kwa Kilatini, Widdringtonia whytei. Na hakuipanga iwe ya kupigia picha za harusi (Jumamosi siku hizi hupati hata pa kukaa), ilikuwa sehemu ya majaribio, mpira, kahawa, kakao, miche ya kutoka mbali inaoteshwa kando ya ziwa iangaliwe kama itakubali udongo wetu kabla haijapelekwa mashambani.

Mwongoza watalii akianza ya Tarzan msimgombeze, mwulizeni tu miti ya mpira iko wapi.