Namba 400 ubavuni mwa tairi si kilomita 40,000

Ukiulizia tairi Gerezani, Kariakoo, hukawii kuambiwa: "Kaka, hii ni 400, inatembea kilomita elfu arobaini bila wasiwasi." Tumeyameza hayo miaka mingi. Sivyo.

Namba hiyo, iliyoandikwa kando ya neno TREADWEAR, ni ulinganisho tu. Ni utaratibu wa Marekani: tairi huendeshwa kwenye barabara za Texas sambamba na tairi la kipimo lenye alama 100. Likipewa 400, maana yake kashata zake zinatarajiwa kudumu mara nne ya lile. Kilomita hazimo. Tena alama hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo 400 ya kampuni moja si lazima ilingane na ya nyingine.

Kwa usalama, soma herufi. TRACTION, kuanzia AA hadi C, ni breki kwenye barabara iliyolowa, tena gari likiwa limenyooka, kona haimo. TEMPERATURE, A hadi C, ni kuhimili joto la mwendo.

Halafu tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Hapo ndipo muuzaji huanza kulifuta tairi vumbi, kimya.