Riwaya isiyo na Mweusi hata mmoja

Ukisomesha fasihi ya Marekani ya karne ya 20, kuna swali halikosi: kwa nini James Baldwin, mwandishi Mweusi, mtoto wa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, aliandika riwaya ambayo wahusika wake wote wakuu ni Wazungu? Wanaouliza hudhani alikuwa anaikimbia rangi yake. Mimi naona kinyume. Riwaya hiyo, Giovanni's Room, inaichambua rangi bila huruma, ila rangi yenyewe ni nyeupe.

Baldwin alihamia Paris mwaka 1948, akiwa na miaka 24 na dola 40 hivi mfukoni. Riwaya yake ya kwanza (1953) ilihusu familia ya walokole Weusi wa Harlem, ikapokelewa vizuri. Alipoleta kisa cha Mmarekani anayependana na mwanamume wa Kiitalia, wachapishaji wake, Knopf, wakakikataa. Baldwin alisimulia kwamba alionywa: wewe ni mwandishi Mweusi, utawapoteza wasomaji wako. Wachapishaji wengine, Dial Press, wakaitoa mwaka 1956. Miaka mingi baadaye alieleza kuwa wakati ule asingeweza kuibeba mizigo miwili, wa mapenzi na wa rangi, katika kitabu kimoja. Namwelewa, lakini kitabu chake kinasema zaidi ya hapo.

Tazama ukurasa wa kwanza. David, msimulizi, amesimama dirishani kusini mwa Ufaransa, giza linaingia, kinywaji mkononi. Kukicha, Giovanni, yule Mwitalia, atakatwa kichwa kwa gilotini. Kioo kinamrudishia sura yake: mrefu, nywele za dhahabu, uso ambao, anasema, tumeshauona mara nyingi. Halafu, bila kuulizwa na mtu, anataja kwamba wahenga wake waliliteka bara zima. Jamani, nani anaanza kuhesabu ukoo wake usiku ambao mpenzi wake anasubiri kuuawa?

Kurasa chache mbele yupo Joey, rafiki yake wa ujanani. Wanalala pamoja usiku mmoja, kwa furaha kabisa. Asubuhi David anatangulia kuamka, anamtazama mwenzake, na ule mwili wa kahawia unageuka machoni pake kuwa mdomo mweusi wa pango ambamo ataupoteza uanaume wake. Riwaya haisemi popote kwamba Joey ni Mweusi. Hofu ya David ndiyo iliyompaka. Kwake yeye uanaume, weupe na Umarekani vimeshonwa kwa uzi mmoja, na siku anapomtamani mwanamume anaona vyote vinafumuka. Ndiyo maana baadaye anamwacha Giovanni, fukara aliyetoka kusini mwa Italia, katika kile chumba kidogo ambacho vioo vya dirisha vimepakwa dawa nyeupe ya kusafishia ili wapita njia wasichungulie. (Wanafunzi hupenda kuigeuza dawa hiyo kuwa alama ya ubaguzi. Hapo nadhani wanamlazimisha mzee wa watu.)

Mwaka 1962, katika riwaya yake Another Country, mizigo yote miwili ikawekwa begani mwa mtu mmoja: Rufus Scott, mpiga ngoma wa jazi, Mweusi, New York. Anajirusha kutoka daraja la George Washington wakati sehemu kubwa ya kitabu haijaanza. Eldridge Cleaver, mwandishi na mwanaharakati Mweusi, alimshambulia Baldwin vikali mwaka 1968, Rufus akiwemo katika mashtaka. Mchapishaji alimwona Baldwin Mweusi mno kuandika mapenzi ya namna hiyo. Cleaver, kwa mapenzi hayo hayo, alimwona si Mweusi wa kutosha.

Kwa ufundi, Giovanni's Room imebana vizuri zaidi. Another Country ina mazungumzo marefu yanayochosha. Lakini kama una muda wa sura moja tu, soma ile ya kwanza ya Another Country. Rufus anampiga Leona, mwanamke Mzungu anayempenda, na anakumbuka alivyomdhalilisha Eric, mwanamume Mzungu aliyempenda kabla. Jaribu kutenganisha ni wapi anayeumia ni Mweusi na ni wapi ni mwanamume aliyependwa na mwanamume. Baldwin hakuacha mshono wa kuanzia kufumua.